Siku Taisto Alipoanza Kusema

Taisto alikuwa amesema sentensi tano mfululizo, na Hilkka akajua hapa kuna ugonjwa.

Miaka thelathini na minane ya ndoa, mzee huyu hakuwahi kuvuka "mm" na "kahawa ipo?" Hata siku ya harusi yao kule Iisalmi, ilibidi mchungaji amuulize mara mbili. Leo kasimama katikati ya jiko, kalamu ya fumbo la maneno kaichomeka nyuma ya sikio, anamwaga maneno kama redio.

"Hilkka, kipenzi changu, umependeza kweli. Hebu kaa hapa na mimi. Tunywe juisi, tuzungumze."

Kipenzi! Jamani! Hilkka alihisi miguu ikimlegea kwa hofu.

Jumanne iliyopita walikwenda kliniki wote wawili, na nesi Pirkko akawaeleza pole pole, kama anasema na watoto wa chekechea. Sukari ikishuka chini ya nne, mtu hubadilika tabia. Mkimya huropoka, mpole huwa mkali. Atakataa katakata kwamba anaumwa. Msibishane naye, mbembelezeni, juisi kwanza. Akicheleweshwa ataanguka azimie, na huko kwenu msituni, kwa theluji hii, gari la wagonjwa litachukua saa nzima kufika.

"Sukari imeshuka, mzee," Hilkka alisema.

"Imeshuka kweli," alijibu Taisto. "Ndiyo maana nasema tunywe."

"Unywe wewe! Usinifanye mtoto mdogo!"

Alifungua friji kutafuta juisi. Akakuta viazi vinafuka moshi, sufuria na mfuniko wake. Maziwa nayo yalikuwa ndani ya oveni. Maskini Taisto, akili ilikuwa imeshamruka! Simu mfukoni mwake ililia pi-pi-pi kwa mara ya nne, akaitazama, uso ukampauka. Hilkka jasho lilimtiririka mpaka kwenye nyusi. Joto lote hili jikoni la nini?

Juisi ilikuwa mezani, imeshamiminwa. Hilkka akainyakua glasi, mikono ikimtetemeka, nusu ikamwagika kwenye mkeka.

"Kunywa, nimesema!"

Akamfukuza kuizunguka meza, mara ya kwanza, mara ya pili. Alikuwa radhi hata kumbana pua. Mwanamume akubali mkewe awe mjane kwa ajili ya ubishi tu?

Taisto akasimama ghafla. "Haya, nakunywa. Ila onja kwanza, isije ikawa imechacha."

Hilkka akaonja. "Haijachacha."

"Hiyo ya juu. Ya chini je?"

Akapiga mafunda mpaka tone la mwisho. "Haijachacha, mbishi wewe!"

"Basi sijaiamini hiyo iliyobaki kwenye chupa."

Glasi ya pili Hilkka aliinywa kwa hasira. Ya tatu aliinywa huku analia, anamsihi kwa majina ya watoto wao wote watatu. Taisto hakugusa hata tone. Kazi yake ilikuwa kutazama saa ya ukutani na kusema "endelea, mpenzi, nakaribia kushawishika."

Dakika kumi na tano zikapita hivyo. Kisha Taisto akachungulia simu, akashusha pumzi ndefu, akakaa, akachomoa kalamu na kurudi kwenye fumbo lake. Kimya.

Joto la jikoni likapoa lenyewe. Mikono ikatulia. Hilkka akavua sweta lake lililolowa chapachapa, na hapo, juu ya kiwiko chake cha kushoto, akakiona kile kidude cha kupimia sukari alichobandikwa na nesi Jumanne, kile kinachopeleka vipimo kwenye simu ya Taisto.

"Ilishuka mpaka ngapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mbili nukta sita," alisema Taisto, bila kuinua macho.