Katikati ya Magoti

Saumu aliapa kwamba leo runinga haiwashwi. Akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, akamkalisha mwanawe Nasri katikati ya magoti yake, pale wanapokaa wateja anapowasuka.

Mtoto ndiyo kwanza anaanza kucheka, mara hodi! Bi Kidawa kaja kusukwa, jioni ana harusi. Nasri akaondolewa pale, akalia mpaka akapaliwa.

"Hebu mwashie katuni zake, mwanangu," alisema Bi Kidawa. "Wewe unanivuta kichwa, na yeye anitoboe masikio?"

Saumu akakitoa kitambaa, akawasha. Kilio kikakatika palepale.

Alisuka hadi vidole vikafa ganzi. Bi Kidawa alipoondoka, Saumu alibaki mkekani, akapapasa ile nafasi iliyoachwa wazi.

"Njoo, baba. Zamu yako sasa."

Nasri hakugeuka. Saumu akamfuata, akapiga magoti mbele yake, akamfungulia mikono.

"Mama, unaziba," mtoto alisema, huku akichungulia kando ya bega lake.

Saumu akasogea. Rangi za katuni zikawa zinapita juu ya viganja vyake, vinavyong'aa mafuta ya nywele.