Viti Vinavyoelekea Mlangoni

Mlango ulifunguka, na Mmapula Seroka akakohoa.

Hakuwa mgonjwa. Mfukoni mwa koti alishika kidude cha chuma cha kuhesabia watu. Ukikibonyeza namba inapanda, nacho kinalia tik. Kikohozi kilikuwa cha kuficha mlio. Tangu asubuhi mkono haukutoka mfukoni, na goti lake chini ya meza lilikataa kutulia.

Mkahawa ulikuwa wa Leifo, kampuni yenye matawi kila pembe ya Johannesburg. Leifo iliwatangazia wenye hisa wake kwamba viti vyake havikosi watu kutwa nzima. Mmapula hakuamini. Mwezi wa Mei aliyapitia matawi moja baada ya jingine, akakuta wahudumu wamesinzia juu ya meza. Akajua kwamba kinachopikwa pale ni hesabu, si nyama.

Basi akafanya kazi yake aliyoizoea. Alikopa hisa za Leifo kwa watu, akaziuza zingali ghali, akasubiri. Ni kama kuazima gunia la mahindi la jirani, ukaliuza wakati wa njaa, ukitumaini kununua jingine la kumrudishia bei ikishuka. Ikishuka, umekula. Ikipanda, umeliwa wewe. Kwenye rehani aliweka akiba aliyoachiwa na marehemu mumewe, na nyumba ya dada yake Mosetsana. Mosetsana alitia sahihi bila swali hata moja, kisha akamfungia magwinya, maandazi ya kwao, yakiwa ya moto, ale njiani.

Kilichobaki kilikuwa kukaa tawini, kuhesabu vichwa, na kuandika ripoti ya kuwaumbua. Shida ni kwamba vichwa vilikuwa vinaingia.

Kila siku yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika. Punde tu nyuma yake, viti vyote vinavyoelekea mlangoni vilijaa. Hilo halikumshangaza; mji huu, nani akae kaupa mlango mgongo? Kulikuwa na mama aliyefuma sweta lisilorefuka. Kulikuwa na bwana wa tai na gazeti lake. Na mezani pake alikaa mzee Mabuza, mpole, aliyemsogezea pipi ya kifua.

"Chukua, binti yangu. Hiki kikohozi cha Julai hakina mchezo. Hata mimi kimenishika."

Kweli kilimshika. Kila mlango ulipofunguka baridi iliingia, na chumba kizima kikakohoa.

"Hamjambo wagonjwa wangu?" Dikeledi, mhudumu, alipita na birika. "Mmekuja kula au kulazwa? Mama, hiyo supu hata nzi kaichoka. Kesho njoo na mto kabisa."

"Biashara imechangamka siku hizi," Mmapula alisema.

"We acha! Mwezi wa Mei nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu. Sasa kiti hakuna. Tena watu wastaarabu, mtu na chai yake moja, hana neno. Bosi anafungua tawi jingine."

Simu ikatetemeka. Alikuwa Fanyana, mwenzake wa ofisini.

"Nenda kaongee nje, binti," mzee Mabuza alisema. "Kiti chako nitakiangalia mimi, na skafu yako pia."

Nje upepo ulikata masikio. Mmapula alitembea huku na huko mbele ya kioo.

"Dada, bei imepanda tena," Fanyana alisema. "Waliotuazima hisa wanataka rehani iongezwe kabla soko halijafungwa, la sivyo nyumba ya Mosetsana inakwenda. Huko vipi?"

"Kumejaa."

"Kumejaa kweli, au Leifo wamekodi watu wa kukaa?"

"Wiki nzima nimekaa nao, Fanyana. Mtu wa kukodiwa hana roho nzuri hivi. Wanalindiana viti. Wanapeana sukari. Huyu mzee kanipa pipi zake mpaka zimemwishia."

"Hukumwambia mtu kwamba tunaichunguza Leifo?"

"Nimwambie nani? Nilidokeza tu mwezi uliopita, kwenye kile chakula cha mchana cha wenzetu wanaouza hisa za kuazima; wengi hata siwajui."

"Ah, wale hawawezi kwenda kutuchongea kwa Leifo. Kila mmoja ana njaa yake." Fanyana alishusha pumzi. "Basi tumekosea, dada."

Mmapula alitazama ndani. Mama wa sweta alikuwa anampisha mgeni apite. Dikeledi alikuwa anacheka. Watu wa kweli, alijiambia, wanaoupenda mkahawa wao, na mimi nilitaka kuuzika.

"Nunua," alisema. "Rudisha hisa za watu."

"Akiba ya marehemu shemeji itakwenda yote."

"Najua. Nyumba ibaki. Nunua sasa hivi, nisije nikabadili mawazo."

Alisubiri, simu imegandamana na sikio. Alifikiria jinsi Mosetsana atakavyofungua mlango jioni na kumwekea chakula kabla ya kuuliza lolote.

"Tayari," Fanyana alisema. "Tumetoka. Pole, dada."

Kwa mara ya kwanza wiki ile, miguu yake ilitulia. Hapakuwa tena na cha kuhesabu. Alitaka kwenda zake, akakumbuka skafu. Kupitia kioo alimwona mzee Mabuza anaikunja taratibu, kwa mkono mmoja, akiiweka vizuri kitini pake.

Akausukuma mlango.

Baridi ikaingia pamoja naye, na chumba kizima kikakohoa. Safari hii yeye hakukohoa. Na chini ya vikohozi, mfukoni mwa mzee Mabuza, ndani ya nyuzi za yule mama, nyuma ya gazeti, na kwenye kila kiti kinachoelekea mlangoni, akausikia mlio anaoujua: tik, tik, tik, tik.