Kadi za Bi Tunu

Asubuhi Zubeda alimwendea mwalimu kwa siri, akaomba abadilishiwe mwenzake. Mtihani wa kuzungumza Kiingereza ulifanywa wawili wawili, naye alipangiwa Bi Tunu, mpishi wa hospitali, mtu mzima aliyesita kwa kila neno.

"Atanizamisha," Zubeda alisema. Mwalimu akakubali.

Sasa Bi Tunu alikuwa mbele yake darasani, hajaambiwa kitu, akifungua fundo la leso. Alitoa kadi alizozikata kwenye boksi la sabuni. Kila moja ilikuwa na swali moja la Kiingereza, kwa mwandiko wa mtu asiyezoea kalamu.

"Mimi nitauliza tu, mwanangu. Majibu marefu nimekuachia wewe, wakuone. Angalau mmoja wetu apite."

"Mama..." Zubeda alianza.

"Haya, tujizoeze kabla hatujaitwa." Bi Tunu akainua kadi, akasoma polepole, bila kukosea: jirani mwema ni mtu gani?

Zubeda, na Kiingereza chake chote, akageuza macho mlangoni.

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu aliingia na msichana mwingine. Bi Tunu akatabasamu, akasogea kwenye benchi ili mgeni apate pa kukaa, kadi bado kaiinua.