Kaburi Lililotoka Majini

Hakuna aliyekuja.

Wira alisimama juu ya tope lililokauka na kupasukapasuka, jembe begani, akiitazama njia ya kilimani. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Kijiji hiki kiliwahi kumchimbia kaburi mchuuzi mgeni aliyefia barabarani. Wanaume thelathini walitokea na majembe bila kuitwa. Leo, kwa baba yake, njia ilikuwa tupu.

"Twende nyumbani," alisema mama yake, Mbok Kasinem. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za shule ya zamani, ngazi tatu zisizopanda popote. "Jua hili litakuua."

"Kiwandani wamenipa siku tatu, Mama. Hii ndiyo ya tatu."

Kila ukame mkali maji ya bwawa yalishuka, na kijiji cha zamani, kilichozamishwa bwawa lilipojengwa, kikajitokeza: misingi ya nyumba, kisima, nusu ya daraja, kibla ya msikiti, na mwisho kabisa makaburi. Watu wa mjini walikuja kupiga picha. Wenye makaburi walishuka na mundu na maua, wakafyeka, wakaomba dua, wakapanda tena kilimani. Lakini safari hii ukuta wa bwawa ulikuwa unaongezwa urefu. Ofisi ya bwawa ilitangaza kwamba mvua zikianza, kijiji kitafunikwa moja kwa moja. Mwenye maiti wake amhamishe.

Wote walikwisha kuhamisha. Yalibaki makaburi mawili yaliyopakana: la baba yake Wira, na la Ngatmi, mke wa mzee Pak Darsono, imamu wa mazishi. Homa iliwachukua wote wawili wiki ileile mabasi yalipokuja kuwabeba waliokubali kuhamia kisiwa cha Sumatra. Ndivyo Wira alivyosimuliwa. Alikuwa na miaka miwili. Hakumjua baba yake ila kwa jiwe hili la kaburi, na sasa alitaka watoto wake wawe na babu wa kumzuru mahali pakavu.

Pak Darsono alisema la mkewe liachwe tu. Wira alimshangaa, akanyamaza. Ni mtu mzima.

Wengine hakuwanyamazia. Jana alipita nyumba kwa nyumba akiomba msaada. Wa kwanza ng'ombe wake alikuwa anazaa. Wa pili alijifungia msalani mpaka Wira akachoka kungoja. Wa tatu alikuwa mjomba wake mwenyewe, Parman.

"Mgongo, mwanangu. Umekatika."

"Mbona asubuhi nilikuona umebeba gunia la mihogo?"

"Sasa wewe ulidhani ulikatikia wapi?"

Wira alitema mate viganjani, akaanza peke yake.

Chini ya gamba kavu tope lilikuwa laini, likatoka upesi. Mama yake alimtazama bila kusogea. Alikuwa na miaka sitini na saba, na tangu juzi alionekana ameongeza kumi.

"Mwache, Wira. Miaka arobaini na mitatu majini, si amekwisha kuzoea?"

"Hata wewe, Mama?"

"Mimi nimechoka. Kila ukame nainama hapa namfyekea mtu huyu majani."

"Mtu huyu! Ni mumeo."

"Haya. Mume."

Wira hakukasirika. Alijua jinsi mama yake alivyomtunza marehemu. Wanaume watatu walikuwa wameleta posa, mmoja wao na mashamba yake ya mpunga, na wote aliwarudisha. Wira alikuwa akiwahadithia hilo wenzake wa kiwandani kwa fahari.

Alichimba mpaka magotini, mpaka kiunoni. Malengelenge yakapasuka, mpini ukateleza. Ilipokaribia adhuhuri alikuwa ndani mpaka kifuani, na jembe likaanza kudunda. Alipiga magoti, akapapasa. Ulikuwa udongo mwekundu, mgumu, uliokamatana, na mizizi ya kale imepita katikati bila kukatwa. Hapakuwa na mfupa, wala ubao, wala uzi wa sanda. Akapanua kushoto, akapanua kulia. Udongo ni uleule.

"Maji yamemchukua," alisema. "Nimechelewa."

Mama yake alifumba macho.

Ndipo Pak Darsono alipoteremka kutoka kilimani, polepole, birika mkono mmoja na glasi tatu mkono wa pili. Jembe hakuwa nalo. Aliketi ngazini kando ya Mbok Kasinem, akamimina chai.

Wira alipanda kutoka shimoni, matope mpaka nyusi.

"Sasa ndiyo unakuja? Na chai? Kijiji kizima cha waoga! Mtakuja kuniomba radhi, mmoja mmoja, na wewe wa kwanza, Pak. Wewe ndiye uliyemzika!"

"Niliomba dua," Pak Darsono alisema taratibu. "Dua niliomba kweli."

"Basi nionyeshe ulipomlaza! Huu udongo haujawahi kuguswa na jembe. Mimi ni mtoto wa mkulima, udongo naujua."

Mzee aliipuliza chai yake. "Mwambie wewe, Kasinem. Mimi siwezi tena."

"Aniambie nini? Mama, nawe uniombe radhi. Ulikaa ukanitazama nachimba tangu asubuhi. Baba yangu yuko wapi?"

Mbok Kasinem alichukua glasi ya tatu, akamnyooshea mwanawe.

"Alipanda basi la Sumatra, na mke wa huyu mwenye birika akapanda naye. Kijiji kizima kilisimama pale kikaona, kisha kikatusaidia kusimika mawe. Kunywa chai, mwanangu. Radhi siombi."