Mchuzi wa Papa Mkavu

Tangu sheria ipite, hakuna aliyeruhusiwa kutia tonge kinywani kabla ya kulitazama kwa miwani yenye programu ya bure, iliyoonyesha molekuli za chakula zikizunguka kama shanga. Bi Mwanakheri alipakua mchuzi wa papa mkavu. Mjukuu wake Salha akavaa miwani, akabetua mdomo.

"Bibi, molekuli hizi ni za maiti!"

"Samaki ni maiti, wewe! Ulitaka nimpike yu hai?"

Salha akakimbilia uani kutapika. Miwani ile ilimtia Bi Mwanakheri kinyaa kuliko matapishi.

Asubuhi ya Idi akamnyooshea Salha mkono aubusu. Salha akavaa miwani, akautazama kwa makini.

"Shikamoo, Bibi," akasema, akauacha bila kuubusu, akaenda kunawa.