Tangazo Lenye Fremu Nyeusi

Simu ya kumi na moja asubuhi ile ilipigwa na mwanamke aliyekuwa akilia. Alitaka kujua Bibi Gaik Suan anazikwa lini.

"Hajafa, mama," alisema Teik Leong. "Hilo ni tangazo la albamu yake mpya. Inatoka kesho."

"Mwanangu, picha nimeiona kwa macho yangu," mwanamke akajibu, akakata simu.

Teik Leong alilifungua tena gazeti, ingawa alikwisha kulitazama mpaka wino ukamtia weusi vidoleni. Tangazo lile alilichora yeye, na mpaka jana alikuwa akijisifu nalo ofisi nzima. Bosi Cheah, mwenye kampuni ya muziki, alitaka nyota, maua, na majina ya nyimbo zote kumi na mbili. Teik Leong akavifuta vyote. Msomaji hana muda, alisema. Mpe sura moja, jina moja, na nafasi tupu ya kutosha. Basi akaweka picha ya mwimbaji, nyeusi na nyeupe, ametulia. Chini yake jina kubwa, na chini ya jina, kwa herufi ndogo kuliko zote, siku ya albamu kutoka. Akavizungushia mstari mweusi, mnene kama kidole, ili tangazo la sabuni la jirani lisimwingilie.

Mpanga kurasa wa gazeti aliuona mstari ule akafanya kile anachofanya kila siku. Akamweka Bibi Gaik Suan kwenye ukurasa wa misiba, katikati ya marehemu wawili.

"Umezaliwa Penang hii hii," Bosi Cheah alimfokea. "Umekula karanga za matanga tangu hujaota meno. Leo hujui fremu nyeusi ni ya nani?"

"Nilitaka ipendeze, bosi."

"Basi imependeza! Saa nne haijafika, maduka yamemaliza oda zote. Watu wanalipia huku wanafuta machozi." Bosi alicheka, kisha akaacha ghafla. "Ila mwenyewe hajapiga simu. Yule anayepiga kwa ajili ya koma moja! Huyo amenuna. Nenda kwake sasa hivi. Beba machungwa, kitambaa chekundu na mishumaa miwili, vya kumwomba radhi na kumwondolea nuksi. Ikibidi kupiga magoti, piga. Asipopokea, kesho haimbi kwenye uzinduzi, na wewe usirudi hapa."

Kazi haikumuumiza kichwa Teik Leong. Kilichomtisha ni kingine. Kumtangaza mtu hai kuwa amekufa ni kumwitia kifo mpaka mlangoni. Hilo mtoto yeyote wa mitaa ile analijua. Na Gaik Suan hakuwa mtu baki. Mama yake Teik Leong alimlea kwa sauti ya mwimbaji huyo, redio ikiwa juu ya kabati la vyombo. Wiki iliyopita tu Teik Leong alikwenda kwa Gaik Suan kuchagua picha, na mwimbaji yule mwenye jina lote lile akammiminia chai kwa mkono wake.

"Albamu hii ndiyo yangu ya mwisho, Leong," alimwambia. "Usinipambe sana."

Naye hakumpamba. Akamzika.

Alipokata kona ya uchochoro wa Gaik Suan, alisimama. Turubai lilikuwa limekwisha kutandazwa. Meza za mviringo zimepangwa, sahani za karanga na mbegu za tikiti juu yake, wazee wakicheza karata bila kelele. Mlangoni taa nyeupe mbili za msiba zinaning'inia. Watu wote wale, aliwaza, nimewadanganya mimi kwa mstari mmoja wa wino. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

Mzee mmoja aliona kitambaa chekundu kikichungulia kwenye mfuko wake. "We kijana, una wazimu? Nyekundu msibani?"

"Hakuna msiba, mzee wangu," Teik Leong alinong'ona. "Ni makosa ya gazeti. Yu hai, yuko ndani."

Mzee aliweka karata zake chini, akampisha.

Ndani alimkuta Bi Ah Lian, mdogo wake Gaik Suan, macho yamemwiva. Amekasirika, na ana haki, Teik Leong alijiambia. Akapiga magoti sakafuni, akasogeza machungwa mbele kwa mikono miwili.

"Shangazi, aliyelitengeneza tangazo ni mimi. Fremu ni yangu, si ya bosi wala ya gazeti. Nilitaka lipendeze, basi. Mwambie dada yako aniadhibu atakavyo, anitukane, anifukuzishe kazi. Ila akipokee kitambaa hiki. Kama kuna nuksi, iniangukie mimi."

Bi Ah Lian hakuyagusa machungwa. Alimwinamia mpaka nyuso zao zikakaribiana.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Sisi tunamlaumu daktari wa watu bure kwamba ametoa siri. Nani alikwambia?"

"Kuniambia nini, shangazi?"

"Dada alikata roho jana alasiri, milango imefungwa. Alfajiri watu wakaja na gazeti mkononi, tungewakatalia vipi? Wosia wake ulikuwa mmoja tu, mwanangu: tusiseme kwa mtu mpaka albamu ikae madukani mwezi mzima, maana hakutaka hata mmoja ainunue kwa kumlilia."