Ahadi ya Kwanza ya Kimya

"Andika: mpishi aondoke," Waziri alirudia, akaisukuma karatasi mbele ya mgombea wake.

Mgombea hakuandika. Alikuwa ameegemeza shavu kwenye kiganja, macho yamemlegea. Darasa lilikuwa tupu na viti vimepandishwa juu ya meza ili mfagiaji apite. Walibaki wao wawili tu, wakihangaika na ilani ya ukurasa mmoja tangu vipindi viishe.

Chuoni walimwita Kimya, kwa sababu haongei mpaka aulizwe, na akiulizwa hujibu kwa mkato. Wengi walishangaa kusikia mtu wa namna hiyo anagombea uenyekiti wa wanafunzi. Waziri, meneja wake wa kampeni, hakushangaa. Mwenyekiti husamehewa ada ya mwaka wa mwisho, na Kimya asiposhinda, huo mwaka wa mwisho ataishia kuusikia kwa wenzake.

"Tuanze na maji ya bweni," Kimya alisema.

"Maji yameahidiwa na kila mgombea tangu chuo hiki kijengwe. Hata wewe ukiyataja unapiga miayo."

"Basi taa za maktaba."

"Nani anapigia kura taa na tumbo linanguruma?"

Waziri alisema kweli, na hilo ndilo lililomchosha Kimya zaidi. Jana kutwa walikuwa wamezunguka mabweni wakiuliza watu wanataka nini, na kila mlango ulijibu wali. Wali umeungua, wali unanuka moshi, maharage yana mawe. Mpishi wa bwalo alikuwa ameshabandikwa jina, Mama Ukoko, na jina likishamshika mtu pale chuoni halimwachii.

"Ajabu ni kwamba mwaka jana alikuwa anapika vizuri," Waziri alisema. "Watu tulikuwa tunalamba sahani. Muhula huu sijui amepatwa na nini."

"Amebaki peke yake jikoni. Wenzake wamepunguzwa."

"Umejuaje?"

"Nimeuliza."

"Vizuri. Naye tumpunguze."

Kimya aliisogeza kalamu pembeni. Mchana ule alikuwa amemwona mpishi pale dirishani, jasho linamtiririka, upawa mkononi, akiwapakulia watu waliokuwa wakimkebehi usoni. "Mama, leo umetupikia mkaa?" mmoja aliuliza, na bwalo zima likaangua kicheko. Mpishi alipakua tu. Kimya alipofika mbele yake aliinamisha macho kwenye sahani na kupita. Hakumtetea hata kwa neno moja, na mpaka sasa aliona aibu.

"Sikiliza," Waziri alilainisha sauti. "Mpinzani wetu Mtanashati naye anaandika ilani yake saa hizi. Akitutangulia kwa hoja hii, tumekwisha. Unakumbuka mwenyekiti aliyepita alivyomshtaki mlinzi wa getini? Mkuu wa chuo alimwondoa wiki ileile. Kwa hiyo hii siyo ahadi hewa, inatekelezeka."

"Ndiyo maana siitaki."

"Unamhurumia mtu ambaye hata jina lako halisi halijui. Na ada yako atakulipia nani?"

Kimya aliivuta karatasi akaandika polepole, herufi kubwakubwa: Ahadi ya kwanza, nitahakikisha mpishi wa bwalo anaondolewa. Alipoweka nukta alijua amefanya jambo baya, wala hakujaribu kulipamba. Waziri alimpiga begani kwa furaha.

"Kesho asubuhi tunaibandika. Nenda kapumzike, unaonekana kama umefua mapazia ya chuo kizima."

Kimya hakuwa anakaa bwenini. Alitembea na ilani yake begani ndani ya mkoba, akakata kona kwenye karakana ya wachomelea vyuma, akaingia kwenye chumba na sebule walichopanga nyuma yake. Mama yake alikuwa ameshatangulia kurudi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji moto, sare ya bwalo bado mwilini.

Chuoni kila mtu alimwita mama, ndiyo maana hakuna aliyewahi kugeuka binti yake alipomwita hivyohivyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umemaliza kuandika?"

"Nimemaliza, lakini naichana." Aliitoa karatasi mkobani. "Siwezi, mama. Bora niache chuo."

"Hebu nione kwanza."

Mama aliisoma taratibu, midomo ikichezacheza. Kimya alikaa chini sakafuni akalia waziwazi, uchovu na aibu vyote vikitoka kwa pamoja.

"Imekaa vizuri," mama alisema. "Usichane. Jiko wanampa mkandarasi muhula ukiisha. Tuliambiwa hata kabla hamjafungua chuo. Mimi natoka, uandike usiandike."

Kimya aliinua uso. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungegombea wewe? Si ungeacha shule uende kutafuta kibarua?" Aliikunjua karatasi juu ya goti, akailainisha kwa kiganja. "Wakinifukuza wao, ni hasara tupu. Ukinifukuza wewe, angalau unapata kura."

Alimrudishia ilani yake, akatoa mguu mmoja kwenye beseni na kuukausha kwa upindo wa sare.

"Ila mwambie huyo Waziri wako asiibandike asubuhi. Angoje watu watoke kula," alisema. "Wali wa kesho nitauunguza kuliko wa leo."